Sifa si Ushahidi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii ilizaliwa chini ya minazi, mbali na taa za sinema. Lakini inaeleza barabara jambo linalotendeka katika shule za Uingereza, vijana wanaosomea vyombo vya habari wanapoonyesha kazi za mikono yao. Taa za darasa huzimwa, pazia huvutwa, na ukutani hutokea dakika 2 za mwanzo wa filamu ya kusisimua: ujia mrefu usio na mtu, vishindo vya viatu, mkono uliovaa glavu, mlango unaofunguka polepole, kisha giza na jina la filamu. Taa zikiwashwa, karatasi za maswali hugawiwa. Je, umeipenda filamu hii? Je, imekusisimua? Je, ungependa kuona sehemu iliyobaki? Walioketi ni rafiki za mtengenezaji, na mmoja wao ndiye aliyevaa ile glavu. Wote hutia alama penye ndiyo. Siku ya pili yake mwanafunzi huchora duara lililogawanywa kwa rangi, akaandika chini yake kwamba karibu watazamaji wote waliridhika. Hakuna aliyekusudia kusema uwongo, na kweli haikusemwa.

Desturi hii haikuzuka bila sababu. Mtaala wa bodi ya mitihani ya OCR, ulioanza kufundishwa mwaka 2008, ulimtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyechagua kazi ya video atengeneze majina na mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika 2. Baada ya hapo alijibu maswali 7 juu ya kazi yake, na miongoni mwake aliulizwa watazamaji wake wangekuwa nani na aliwavutaje. Katika kazi ya mwaka wa pili maswali yalikuwa 4, na moja lilimtaka aeleze amejifunza nini kutokana na maoni ya watazamaji. Vijana wengi walichagua filamu ya kusisimua, wala haikuwa ajabu: aina hii haidai majeshi wala majumba ya kifalme; ujia mmoja, taa moja na uso mmoja wenye hofu hutosha. Tangu mwaka 2017 mtaala huo umepisha mwingine, lakini karatasi ya ndiyo na siyo haikuondoka nao.

Swali la bodi halikuwa na kosa. Liliuliza mwanafunzi amejifunza nini. Halikuuliza amesifiwa kiasi gani. Kosa ni la wale waliolipokea swali la kwanza wakalijibu kana kwamba ni la pili, na la walimu waliolikubali jibu hilo na kulitunukia alama. Kosa hili lina matawi matatu: anayeulizwa, anachoulizwa, na namna anavyoulizwa.

Kwanza, anayeulizwa. Rafiki haangalii filamu. Humwangalia rafiki yake aliyeitengeneza. Anajua kamera iliazimwa wapi, anajua damu ile ni rangi, anajua kwamba mwenzake hakulala usiku wa kuamkia siku ile. Huruma na uungwana humfunga ulimi. Watu 9 katika 10 wakisema ndiyo, mwanafunzi huandika asilimia 90. Lakini asilimia haimgeuzi rafiki kuwa shahidi. Kinyume chake pia ni hatari, maana mgeni aliyeitwa pasipo mahali pake hudhuru kuliko rafiki. Tarehe 17 Machi 1942, kampuni ya RKO ilionyesha filamu ya Orson Welles, The Magnificent Ambersons, kwa majaribio katika mji wa Pomona, California. Ilionyeshwa baada ya The Fleet's In, mchezo wa nyimbo na vichekesho. Watu waliokuja kucheka na kupiga makofi walipewa hadithi ya huzuni juu ya kuanguka kwa ukoo wa matajiri. Wakacheka pasipochekesha, na karatasi nyingi zikarudi na lawama. Katika mji wa Pasadena, siku chache baadaye, ilipokewa vizuri zaidi, lakini hofu ilikwisha waingia wenye mali. Welles alikuwa Brazili. Zaidi ya dakika 40 zilikatwa, na vipande vilivyokatwa viliharibiwa. Leo hakuna awezaye kuiona kazi ile kama mtunzi wake alivyoiacha. Maoni ya watazamaji yalikusanywa, tena kwa bidii. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwanza: hawa ni watazamaji wa nini?

Pili, anachoulizwa. Kupenda si kipimo cha filamu ya kusisimua. Mtu aweza kuipenda kwa sababu ya wimbo wake, na aweza kuichukia kwa sababu imemtisha sawasawa kama ilivyokusudiwa. Filamu ya aina hii hujengwa kwa maarifa: nani anajua, anajua nini, na amekijua wakati gani. Alfred Hitchcock alimweleza François Truffaut jambo hili katika mazungumzo yao ya mwaka 1962 kwa mfano ulio mashuhuri. Watu wawili wanazungumza mezani, na chini ya meza pana bomu. Watazamaji wasipojua, bomu likilipuka watashtuka kwa sekunde 15. Lakini wakiwa wameliona likiwekwa, na saa iko ukutani mbele yao, maneno yale yale ya kipuuzi yatawashika roho kwa dakika 15. Mazungumzo ni yale yale, meza ni ile ile, bomu ni lile lile. Kilichobadilika ni maarifa ya mtazamaji tu. Cha kwanza ni mshtuko, cha pili ni taharuki.

Basi mwanafunzi aliyetengeneza ujia na glavu hana haja ya kujua kama amependwa. Ana haja ya kujua kama watazamaji walimtambua aliye hatarini. Ana haja ya kujua ni wakati gani walianza kuhofu, na walihofu kitu gani. Walidhani nini kitafuata. Mtu mwenye glavu walimdhania mwizi, mwuaji, au mwenye nyumba aliyesahau ufunguo. Aghalabu majibu ya maswali haya huwa machungu. Mtengenezaji aliona jambo lake limekuwa wazi kama mchana, kwa kuwa alilijua kabla ya kulipiga picha. Mtazamaji hakuona ila giza. Mwanamke aliyekusudiwa kuwa mwindwa amedhaniwa kuwa mwindaji. Vishindo vya viatu, vilivyokuwa moyo wa kipande kizima, vimezama katika muziki. Karatasi ya ndiyo na siyo haiwezi kuleta habari hizi, maana haikuziuliza.

Majina ya mwanzo nayo yana hesabu yake. Mwanafunzi ameamriwa aweke majina na mwanzo pamoja, wala haulizi kama vitu hivi viwili vinapigana. Mwaka 1958 filamu ya Touch of Evil ilianza kwa picha moja isiyokatwa, yenye urefu wa zaidi ya dakika 3: mkono unatega saa ya bomu, bomu linatiwa katika buti la gari, mwanamume na mwanamke wanaingia garini bila kujua, na gari linakwenda polepole katikati ya watu kuelekea mpaka wa Meksiko na Marekani. Studio ya Universal iliyatandika majina juu ya picha hiyo pamoja na muziki wa Henry Mancini. Welles, aliyeiongoza, aliandika kurasa 58 za maelezo juu ya filamu nzima. Zilifuatwa mwaka 1998, Walter Murch alipoipanga upya. Majina yakaondolewa hapo mwanzo, na mahali pa muziki ule pakawekwa sauti za mitaani na za redio. Anayetazama matoleo yote mawili huona wazi kwamba jicho halisomi jina na kufuata gari kwa wakati mmoja bila kupoteza kitu. Mwanafunzi aweza kulipima jambo hili bila gharama: awaonyeshe watu kipande chenye majina, kisha awaulize waliona nini nyuma ya maandishi. Kama hawakuona kitu, asiwalaumu macho yao.

Tatu, namna anavyoulizwa. Karatasi huja baada ya jambo kupita, na mtu aliyekwisha ogopa huona haya kuungama. Husema alijua tangu mwanzo. Mwili wake haukuona haya. Uliacha kutafuna, uliinama mbele, au ulipiga miayo na kutazama saa. Steven Spielberg alipoijaribu filamu ya Jaws mwaka 1975 hakungoja karatasi peke yake. Alisikiliza watu walipopiga kelele. Akatamani ukelele mmoja zaidi, na kwa ajili yake kikapigwa upya kipande cha kichwa cha maiti kinachotokea katika tundu la mashua, ndani ya bwawa la kuogelea la Verna Fields, mhariri wa filamu. Huo ndio ukusanyaji wa maoni. Msimulizi wa Kiswahili anaujua tangu zamani. Akisema paukwa, husikiliza pakawa inavyorudi: ikirudi kwa nguvu, huendelea, ikirudi kwa uvivu, hubadili sauti au huleta zimwi mapema. Hagawi karatasi. Wasikilizaji wake ni karatasi tosha kwa mwenye masikio.

Watatokea wapinzani wa namna mbili. Wa kwanza watasema kwamba kijana wa miaka 16 au 17 akiambiwa ukweli atavunjika moyo. Upole huu una nia njema na matokeo mabaya. Kijana haambiwi kwamba hafai. Anaambiwa kwamba katika sekunde ya 40 hakuna aliyekiona kisu. Hilo si tusi, ni habari. Na habari hurekebishika kwa taa moja zaidi au kwa picha ya karibu. Anayemnyima habari hiyo kwa jina la huruma humwacha aondoke shuleni akiwa na cheti na ujinga wake ule ule. Wa pili watasema kwamba msanii wa kweli haulizi umati, na watautaja mkasa wa Pomona kuwa hoja yao. Lakini mkasa ule haufundishi kutouliza. Unafundisha kuuliza kwa akili na kupima jibu. Mgonjwa ndiye ajuaye panapomwuma, wala hiyo si sababu ya kumpa yeye aandike dawa. Mtazamaji akisema, hapa nilichoka, asadikiwe. Akisema, ongeza mizimu miwili na mfukuzano wa magari, asikilizwe kwa adabu na aachwe. Msanii asiyetaka kabisa kujua panapouma hajawa huru, amekuwa kiziwi.

Inayofaa si njia ya gharama. Mwanafunzi na atafute watu wachache wasiomjua, wanaozoea kutazama filamu za aina yake. Asiwagawie wote siku moja, kwa sababu mtazamaji wa filamu ya kusisimua ni kama njiti ya kiberiti, huwaka mara moja. Aliyekwisha jua ni nani yuko nyuma ya mlango hawezi kurudishiwa ujinga wake. Awaonyeshe nusu yao, bila utangulizi na bila kuomba radhi kwa ubovu wa sauti. Akae pembeni, azitazame nyuso zao na asiitazame filamu. Baadaye awaombe wasimulie walichoona kwa maneno yao, naye anyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kupita zote. Palipotofautiana hadithi yao na yake, hapo ndipo penye kasoro. Arekebishe, kisha awaite wale waliobaki, aone kama hadithi zimekaribiana. Atakapoandika ripoti yake, asiandike kwamba walipenda. Aandike kwamba walidhani hivi, yeye alikusudia vile, alibadili kitu fulani, na sasa wanaona alichokusudia au bado hawakioni. Ripoti kama hiyo, hata ikikiri kushindwa, imelijibu swali. Ripoti ya duara lenye rangi, hata ikitimia asilimia 100, haikulijibu.

Na walimu wanao wajibu wao. Maadamu alama hutolewa kwa sifa zilizokusanywa, sifa zitakusanywa. Wanafunzi si wapumbavu. Alama zikitolewa kwa kasoro zilizogunduliwa na watazamaji na kwa namna zilivyoshughulikiwa, darasa zima litaanza kuwatafuta wageni wenye macho makali. Mambo haya hayakomei kwenye filamu. Kijana aliyezoezwa kuwauliza rafiki zake kama wamempenda, na kuliita jibu lao utafiti, atakwenda na mazoea hayo hayo ofisini, gazetini na serikalini. Huko nako atagawa karatasi zenye maswali yasiyo na siyo ndani yake, atachora maduara, na atatangaza kwamba watu wameridhika, hali watu hawakuulizwa kitu.

Mgema hakosi kusifiwa. Wanywaji wana adabu zao. Akitaka kujua kama tembo lake lina maji, na alipeleke kwa wasiomjua, akae kando, atazame kama kibuyu kinarudi kitupu au kinarudi kimejaa.