Kambale na tilapia wasiingie bwawani siku moja

Mtu wa Ankoro hahitaji kufundishwa kuvua. Mji umekaa pale Luvua, inayotoka ziwa Mweru, inapoingia katika Lualaba, na watoto wa hapa wanamjua mbenga na meno yake kabla ya kujua kusoma. Lakini kufuga samaki ni kazi nyingine. Mtoni samaki mdogo anakimbilia majanini na mkubwa anafuata maji marefu. Bwawani hakuna pa kukimbilia, na mwenye bwawa ndiye anayeamua nani akae na nani.

Jambo hili linawagusa zaidi wakimbizi wa ndani. Familia iliyoacha mtumbwi na nyavu kijijini haiwezi kushindana na wavuvi wa hapa, wala haina pesa ya kununua samaki kila siku. Ikipewa kipande cha ardhi bondeni na mwenyeji, ikachimba kwa jembe na koleo wiki nyingi, bwawa hilo ni kama shamba lake. Likiharibika msimu wa kwanza, si rahisi kupata nguvu ya kuchimba lingine. Ndiyo maana si haki kuipa familia kama hiyo ndoo ya samaki wachanga waliochanganywa bila mpango, kisha kuandika kwenye ripoti kwamba imesaidiwa.

Kosa la kawaida ni kuweka tilapia peke yake. Tilapia wa Nile anakua vizuri, lakini anazaa mapema mno. Akiwa na miezi mitatu hivi, hata hajatosha kikaango, jike anabeba mayai mdomoni, na baada ya muda bwawa limejaa watoto. Wote wanagombania chakula kilekile, hakuna anayekua. Siku ya kuvua, familia inatoa kapu la samaki wa urefu wa kidole na inasema imerogwa. Hakuna aliyeroga. Wakati wa Wabelgiji kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilichunguza ufugaji wa tilapia, na katika miaka ya 1950 mabwawa mengi sana yalichimbwa vijijini kote Congo. Mengi yaliachwa baada ya uhuru. Fujo za wakati ule zilichangia, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuchoka kuvua samaki wasiokua.

Dawa yake inaogelea hapahapa kwenye vinamasi vya Lualaba: kambale. Anakula watoto wa tilapia, kwa hiyo wazazi wanabaki na nafasi na chakula. Yeye mwenyewe hazai ovyo bwawani, maana anangoja mvua na maji mapya yanayofunika majani. Tena ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, hivyo maji yakipungua au yakichafuka hafi haraka.

Ila kambale hana urafiki. Chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, hata ndugu yake. Ukimweka siku moja na tilapia wachanga, naye akiwa amewazidi ukubwa, utafuga kambale watupu. Tilapia watangulie. Wakishapata mwezi mmoja au zaidi kidogo, ndipo kambale waingizwe, wakiwa wadogo kuliko tilapia wanaowakuta, na wote wa kipimo kimoja. Bwawa la mita 10 kwa 20 linapokea tilapia 400, wawili kwa kila mita ya mraba, na kambale 40, yaani mmoja kwa kumi. Anayeokota kambale wachanga kwenye maji ya mafuriko awapange kwanza kwenye beseni: wakubwa kando, wadogo kando. Na mdomo wa mfereji uwekwe wavu, la sivyo mto utaleta wageni wasioalikwa. Usiku wa mvua kubwa kambale hutambaa na kutoka, kwa hiyo ukingo uwe juu.

Mwenzao wa tatu anayefaa ni yule tilapia mla majani, ambaye wataalamu humwita rendalli. Yeye anakula nyasi na majani ya muhogo yaliyonyauka, vitu ambavyo hata familia isiyo na pumba inavipata. Anazaa naye, lakini kambale yupo.

Hata wazungu wanaofuga samaki ndani ya sanduku la kioo, kwa kutazama tu (kwetu mtu angeuliza watapikwa lini), wanasumbuka na swali hilohilo. Kambale wa Amazon mwenye mkia mwekundu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kisha anaweza kupita mita moja, na majirani zake wanaishia tumboni. Katika ziwa letu la Tanganyika yupo kambale mdogo wa madoadoa meusi ambaye ujanja wake unazidi: anachanganya mayai yake na ya samaki mwingine, mama wa watu anayabeba yote mdomoni, na vitoto vya kambale vinatangulia kuanguliwa na kula watoto wa mwenye nyumba. Wageni wa namna hiyo kutoka mbali wasiletwe huku. Mexico, kambale wa Amerika Kusini mwenye magamba magumu aliingia katika bwawa kubwa la Infiernillo, na wavuvi wa tilapia wakawa wanavuta nyavu zilizojaa samaki wasionunuliwa. Lualaba haina wavu wa kuzuia kitu kama hicho.

Kwa hiyo mashirika na maagronomu wanaogawa samaki wachanga waje mara mbili: leo na tilapia, baada ya wiki tano au sita na kambale. Safari ya pili ina gharama ya mafuta na pikipiki, hilo linajulikana, lakini ni ndogo kuliko gharama ya bwawa lililokufa. Na kabla ya jembe la kwanza, mwenye ardhi na mchimbaji wakubaliane mbele ya chifu jinsi mavuno yatakavyogawanywa na bwawa litabaki kwa nani familia ikirudi kwao. Tilapia wakifika miezi sita wanavuliwa, na wakati huo si wa kuanza kuuliza bwawa ni la nani.