Gari Lililokatwa Miguu

Kila chombo huundwa kwa kazi yake. Jahazi halikuundwa kwa mto wa mawe, wala jembe halikufuliwa kwa kukatia nguo. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne liliinuliwa juu ya ardhi kwa kusudi: lipite matope bila ya kuzama, na livuke mawe bila ya kujeruhiwa tumboni. Lakini wako watu, msomaji, ambao hulinunua gari la namna hiyo kwa fedha nyingi, kisha hulipeleka kwa fundi alishushe mpaka tumbo likaribie lami. Wao huita jambo hilo urembo. Mimi naliita uharibifu, na sababu zangu ni hizi.

Springi ndizo miguu ya gari. Juu ya ekseli iko nafasi ambamo gurudumu hupanda likutanapo na shimo au tuta. Tuseme nafasi hiyo ni inchi 5. Fundi akikata springi, gari likashuka inchi 3, zimebaki 2. Shimo lililomezwa na springi jana, leo hugonga chuma kwa chuma, na pigo hufika katika fremu, katika usukani, na katika uti wa mgongo wa abiria. Fundi mwingine hakati. Huipasha springi moto mpaka ilegee. Chuma hicho kilipewa unyumbufu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Moto usiopimwa huuondoa. Na springi iliyofupishwa mno huweza kuchopoka mahali pake gurudumu linaponing'inia. Hapo dereva hana gari tena. Ana bahati tu.

Watetezi husema kwamba gari refu huyumba na hupinduka upesi kwenye kona, na likishushwa hutulia. Neno hili lina ukweli, wala si haki kulikana: uzito ukiwa chini, gari husimama imara zaidi. Lakini katika njia gani? Mtindo wa kushusha magari ulikuzwa na Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko California, penye barabara za lami laini. Na hata huko, sheria ya 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Anayetaka gari fupi na anunue gari fupi. Yamejaa tele.

Sasa zitazame njia zetu. Kivukoni Likoni, maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huzidi. Gari refu hupita. Lililoshushwa hukwaruza tumbo, na laweza kukwama mlangoni huku umati wa watu wa miguu umelizunguka. Changamwe ni njia ya malori mazito ya bandari, na lami iliyochoshwa na malori haimwonei haya mtu yeyote. Kisauni ina vichochoro vya mchanga ambavyo masika huvigeuza vidimbwi. Katika njia hizo, kimo cha gari si majivuno, ni haja.

Fikiri usiku wa mvua huko Mtongwe. Mama ameshikwa na uchungu, na mtaani liko gari moja tu la magurudumu manne. Jirani anabisha hodi, na mwenye gari anajibu, "Halipiti." Gari lililonunuliwa kwa sababu lapita popote, halipiti mlangoni pa mwenyewe!

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kijana msomaji, kesho utakuwa dereva, au fundi, au mwenye gari. Ukiwa fundi, ukaletewa springi nzima ili uikate, weka msumeno chini, useme hapana. Ujira utaupoteza siku hiyo, lakini hutaulizwa habari ya roho ya mtu.