TUKATE UPOTEVU KABLA YA KUKATA WATU



Wiki hizi ofisi ya tawi imekuwa ikipokea wageni wenye jambo moja. Hawaji kuomba kadi. Wengine wana barua mkononi, wengi hawana, wameambiwa kwa mdomo tu: "Biashara ni ngumu, kapumzike kwanza, tutakuita." Ni wapakiaji wa magunia, walinzi, mpishi wa shule, kijana wa mashine ya kusaga. Hatutamtaja mwajiri yeyote hapa, maana nia yetu si kumwanika mtu. Lakini tawi lina msimamo na tumeona tuutoe kwa maandishi.

Kwanza tukubaliane kwamba hali ni ngumu kweli. Sisi watu wa Ufipa hatuhitaji mtaalamu aje kutufafanulia mdororo wa uchumi. Bei ya gunia la mahindi ikilala, Majengo nzima inalala. Mkulima wa Laela au Matai haji mjini kununua bati, fundi anakaa, bodaboda anashinda kijiweni, mama lishe anarudi nyumbani na sufuria nusu. Mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kwenda nje ya nchi tuliyaona haya bila kusimuliwa. Kwa hiyo mwajiri anayesema mauzo yameshuka hatumwiti mwongo. Tunamuuliza swali moja tu: umeanza kukata wapi?

Tunauliza kwa sababu tunajua daftari linavyosomwa. Mshahara ni mstari ulio wazi: jina, kiasi, tarehe. Upotevu haujiandiki hivyo. Hakuna daftari lenye mstari unaosema "mafuta yaliyonyonywa" au "unga uliotoka bila risiti". Umejificha ndani ya "usafiri", ndani ya "dharura", na zaidi ndani ya lile neno ambalo kila mhasibu analijua, "mengineyo". Mwenye haraka hukata anachokiona, na anachokiona ni mtu.

Chukueni mfano wa mwenye mashine ya kusaga na gari moja la mizigo. Tuseme anamlipa kijana 200,000 kwa mwezi. Gari lake linapoteza lita 2 za dizeli kwa siku, kwa safari zisizo na mzigo au kwa mkono wa mtu. Tuhesabu lita moja kwa 3,000: ni 6,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 156,000. Kwenye mashine, madebe mawili kila siku yanasagwa kwa mkopo wa mdomo na hayaandikwi. Debe tuliweke kwa 1,000, kwa mwezi ni 52,000. Jumla 208,000. Mshahara wa kijana umeshapita hapo, na hatujagusa faini za barabarani wala riba ya mkopo uliochukuliwa kulipa mkopo. Akimwondoa kijana, mashimo yote mawili yanabaki palepale, na sasa hakuna wa kuandika madebe.

Haya si maoni yetu tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi awape taarifa mapema, mara tu wazo hilo linapomjia, awaoneshe taarifa zinazohusika, kisha akae nao wazungumze. Na moja ya mambo ambayo sheria inataja kuwa lazima yazungumzwe ni hatua za kuepuka au kupunguza hilo punguzo. Maana yake mfanyakazi ana haki ya kuuliza mezani: mafuta je? Safari je? Wengi wa waliokuja ofisini hawakuwahi kukalishwa hata dakika tano.

Kiongozi wa kukumbukwa katika hili ni Mwalimu. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hoja ya mishahara ya wakubwa ikaibuka, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alianza juu. Miaka ya 1990 tulikwenda kinyume: kwa masharti ya kurekebisha uchumi, makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali walipunguzwa kazini. Baadhi yenu ni watoto wa watu hao. Mnajua kiinua mgongo kile kilidumu miezi mingapi, na mnajua ni nani aliyelipa ada baada ya hapo.

Mwishoni mwa 2015 tuliona njia nyingine. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 zilifutwa na fedha zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Fedha za hafla ya kuzindua Bunge zikanunua vitanda vya Muhimbili. Mwaka 2016 ukaguzi wa watumishi hewa ukafichua majina zaidi ya 10,000 yaliyokuwa yakilipwa bila kuwepo kazini. Kulifuta jina hewa hakumnyimi mtu yeyote ugali, isipokuwa yule aliyekuwa akila kwa jina hilo.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana kuna wanachama wetu wanaofanya kazi hotelini na wangetukumbusha. Vikao vya serikali vilipoondolewa kwenye kumbi za hoteli wakati ule, wahudumu na wapishi wengi walirudishwa nyumbani. Matumizi ya mmoja ni mshahara wa mwingine. Ndiyo maana hatusemi kila chai ikatwe. Kipimo chetu ni hiki: fedha ilipotoka, kuna kazi iliyofanyika? Mama lishe aliyepika chakula cha watu 30 waliokaa kikaoni alipwe, tena kwa wakati. Orodha ya watu 80 iliyosainiwa kwa kikao cha watu 30, huo ni upotevu, na katika hao 80 mama lishe hayumo.

Kwa fedha za umma tunataka hilohilo. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatoa ripoti, na kila mwaka watu wanasoma vichwa vya habari siku mbili kisha tunarudi kwenye mpira. Tunawaomba madiwani, wa chama chetu na wa vyama vingine, wasikubali hoja ya kupunguza vibarua wa usafi au walinzi wa zahanati popote pale kabla hawajawekewa mezani posho, semina, safari na mafuta ya magari, mstari kwa mstari. Mfagiaji akiondoka, wote tunaiona taka wiki ileile. Semina ikifutwa, sijui ni nani Majengo atakayegundua.

Na chama nacho kisijitoe. Kamati ya tawi imeamua kwamba msimu huu hatutachapisha tisheti wala kukodi magari ya msafara. Viongozi watakaotutembelea watapewa chai na maandazi, na watatusamehe. Mlinzi wa ofisi na dada anayetufanyia usafi wanabaki, na malipo yao yatatoka kabla ya malipo mengine yoyote. Hesabu ya mwezi itabandikwa ukutani mwa ofisi, yeyote aje asome, hata asiye mwanachama.

Kwa ndugu zetu mlioachishwa: msikae nyumbani kungoja kuitwa. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi, akipunguzwa, anastahili kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Siku hizo zinakimbia, kuna ndugu alikuja kwetu siku ya 41. Leteni barua, mkataba kama upo, ujumbe wa simu, na muamala wowote unaoonesha mlikuwa mnalipwa.

Na waajiri mlio wanachama, mlango uko wazi kwenu pia. Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 10 jioni njooni na daftari lenu, tutakaa nalo pamoja mstari kwa mstari, bila malipo, na yatakayoonekana humo yatabaki ofisini.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
Majengo, Sumbawanga