Sikio Likizima Ghafla, Usingoje Jumatatu

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo naongea juu ya kitu kimeniuma.

Mwaka jana binamu yangu aliamka asubuhi pale Rongo, sikio la kushoto limezima. Hakuna maumivu, hakuna usaha, ni kelele tu ya "shiii" ndani. Tukamwambia, "Omera, hiyo ni nta tu." Kemisti akampa matone. Akaweka matone wiki tatu. Alipomfikia daktari wa masikio, akaambiwa shida ni neva ya kusikia na amechelewa. Mpaka leo ukimwita kutoka kushoto, anageuka kulia.

Sasa juzi familia imeona video ya mtu amelala ndani ya chemba ya oksijeni, na wanataka tufanye mchango apelekwe. Mimi nimekataa, na wamenikasirikia. Wacha nieleze.

Chemba si uongo. Unaingia, presha inapandishwa mara mbili ya kawaida au zaidi, unavuta oksijeni safi kama saa moja na nusu. Oksijeni nyingi inayeyuka kwa damu na kufika sikio la ndani, ambalo hulishwa na kamshipa kembamba sana. Ni tiba ileile wanayopewa wapiga mbizi wakipanda juu haraka. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2019 unaikubali, lakini na masharti: itumike pamoja na dawa za steroidi ndani ya wiki mbili, au kama jaribio la kuokoa sikio ndani ya mwezi mmoja. Mwezi, wasee. Si mwaka. Na huingii mara moja tu, mara nyingi ni vikao 10 hadi 20. Ukitoka Mbita au Nyatike, hesabu nauli na mahali pa kulala.

Kwa hivyo kilichomkosesha binamu yangu nafasi si chemba. Ni zile wiki tatu za matone.

Tembe za steroidi kama prednisolone si kitu cha ajabu. Lakini usijinunulie, lazima upimwe kwanza. Ni kweli wengine hupona wenyewe, ila hakuna anayejua kama utakuwa mmoja wao.

Jaribu hii: funga mdomo, toa sauti ya "mmmm". Ukiisikia zaidi kwa sikio lililoziba, huenda ni nta au mafua. Ukiisikia zaidi kwa sikio zima, shuku neva. Panda nduthi, enda hospitali leo. Usiulize kama una nta tu. Sema, "Nimepoteza kusikia ghafla, nataka kuona mtu wa masikio." Hata kama "mmmm" imekuchanganya, enda tu.

Na kaunti zetu? Kabla hatujadai chemba, tudai kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na ule uma wa chuma wa kupima sauti, mtu anayejua kuutumia, na njia ya kumtuma mgonjwa mbele siku hiyohiyo. Mtu akivunjika mguu tunakimbia. Sikio likivunjika tunasema litafunguka tu.

Binamu yangu ana miaka 22. Ule mchango, mimi nataka umnunulie kifaa cha kusikia kama daktari atasema kitamsaidia. Nimekosea? Niambieni hapo chini.