Binti naye apate kona yake
Katika nyumba nyingi za kupanga za Pasua na Majengo, hapa Moshi, watoto wote hulala chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya ukuta mpya. Hata hivyo, binti wa miaka 12 kuvaa sare gizani, huku akihofia kaka yake ataamka, hapana, wazazi wenzangu. Geuzeni kabati likate chumba, mgongo wake mfunike kwa khanga, kisha mtundike pazia zito la mtumba kutoka soko la Memorial. Lifike katikati ya dirisha ili kila upande upate hewa. Joto la Februari mnalijua. Kabati lazima lifungwe ukutani lisije likamwangukia mtoto. Wenye nyumba, misumari miwili ya kulifungia msiwanyime wapangaji.