Deni Letu kwa Mafundi wa Pikipiki
Wiki hii, kando ya barabara kule Birere, mjini Goma, nilimwona fundi kijana amefungua injini ya pikipiki kuukuu na kupanga diski za klachi juu ya kitambaa: moja ya chuma, moja ya msuguano, tena ya chuma. Zile za msuguano zilikuwa zimeungua. Sikushangaa. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyofunika sehemu ya mji mwaka 2002 imetuachia mitaa ya mawe makali, na dereva mwenye abiria na gunia la makaa hupanda mlima akiwa ameshika klachi nusu, huku diski zikisuguana ndani ya oili. Fundi hakuridhika na kubadilisha tu. Aliweka washa chini ya springi ili zibane zaidi, kisha akafunga mbele sproketi yenye meno machache, apunguze mbio na kuongeza nguvu. Mlima haumwulizi mtu amenunua nini, humwuliza ametengeneza nini. Namheshimu sana anayeisoma barabara ya kwao, kisha akairekebisha mashine iliyobuniwa mbali mpaka iitii. Goma imeijengea chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu, na imefanya vema. Lakini mji unaosafiri kila siku kwa akili ya mafundi hawa, kisha ukawaacha wafungue giaboksi vumbini bila paa, unajidhulumu wenyewe. Karakana yenye sakafu ya saruji na mwanga wa kutosha ni deni letu kwao, na kwa kila abiria anayepanda nyuma.