Si Kila Jani la Sindano ni Msonobari

Mwanafunzi wa Kisauni akiagizwa jani la msonobari, aghalabu atachuma mvinje. Si ajabu. Mvinje, mti ule uliopandwa 1971 katika machimbo ya saruji ya Bamburi, unaonekana kama wenye sindano. Lakini ivute sindano moja polepole. Itaachana kwenye vifundo, na katika kila kifundo mna duara ya vijimeno. Hivyo ndivyo majani. Ulichokidhania jani ni kijitawi. Mvinje ni mti wa maua. Msonobari hauna maua, na sindano zake hutoka mbili, tatu au tano pamoja, zimeshikwa chini na ala moja.

Ikiwa mti ulio hai unatupotosha hivyo, sembuse uliogeuka jiwe!

Na miti ya jiwe tunayo karibu. Likoni tumekalia matumbawe ya juzijuzi, kwa hesabu za wanajiolojia. Vuka hadi Changamwe, utakuta mwamba wa tope la bahari ya kale. Ukifika Mazeras, mchangamawe wake una vipande vya miti vya miaka ipatayo milioni 200.

Kipande cha namna hiyo husagwa hadi kiwe chembamba cha kupitisha mwanga, kisha hutazamwa kwa hadubini. Mbao huonyesha kundi la mti, basi. Jina Dadoxylon wanalopewa wengi wao ni kama kapu: ndani mna miti chungu nzima isiyo ya tumbo moja. Ili kuujua mti wenyewe yatakiwa kijitawi chenye majani. Je, majani yamekaa moja moja yakizunguka, au kwa vifungu? Yakianguka huacha kovu gani? Ngozi ya jani ikisalia, vitundu vya kupumulia vimejipanga vipi? Koni ikiwa bado imeshika tawini, hiyo ni bahati kubwa.

Jirani zetu wa Tanga walipata bahati ya vijitawi. Mwaka 1934 A. C. Seward, mtaalamu wa Cambridge, aliuita mti wa huko Voltziopsis africana. Si msonobari, ni jamaa wa mbali wa kale. Misonobari yenyewe ni ya kaskazini mwa dunia. Hii ya mashamba ya serikali huko bara ililetwa.

Sasa tazama veranda yako. Mabamba ya Mazeras hupasuliwa kila siku kwa ajili ya sakafu na kuta, na alama ya jani huonekana papo hapo jiwe linapopasuka. Fundi akiiona, aweke pande zote mbili, kwani moja huwa na kilichokosekana kwa nwenziwe. Asiisugue. Sheria ya mwaka 2006 yataka Makavazi ya Kitaifa yaarifiwe, na Fort Jesus iko chini yao. Aandike pia ni chimbo gani na tabaka la ngapi, maana jiwe lisilojulikana lilikotoka halina umri.